Inflamesheni ya Ubongo Si Uvimbe wa Kupasuliwa

Katika kliniki ya wazee hapa Moshi, neno moja hutuletea mashaka kuliko mengine. Tukieleza kwamba ugonjwa wa kusahau unahusiana na inflamesheni ya ubongo, na neno hilo likafasiriwa kuwa "uvimbe", familia hurudi Kibosho au Rombo ikiamini kwamba mzee wao ana donge kichwani linalosubiri kisu. Sivyo.

Ubongo una walinzi wake. Mwaka 1919 mtafiti Mhispania Pío del Río-Hortega alizitambulisha seli ndogo ziitwazo mikroglia, ambazo hutandaza matawi yake kila upande, hupapasa seli za neva zilizo jirani, humeza vijidudu na kuondoa mabaki ya seli zilizokufa. Zikigundua jeraha hubadilika umbo na kumwaga kemikali za kuita msaada. Hiyo ndiyo inflamesheni, na ikiwa ya muda mfupi husaidia kuponya. Taabu huanza pale kichocheo kisipoondoka. Katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio aina kuu ya ugonjwa wa kusahau, mabonge ya protini ya amiloidi hujikusanya nje ya seli za neva, na nyuzi za protini ya tau hujisokota ndani yake, miaka mingi kabla ya dalili ya kwanza kuonekana. Mikroglia hubaki katika mapambano yasiyokwisha, na kemikali zilizokusudiwa kulinda huanza kudhuru miunganiko ya neva inayobeba kumbukumbu.

Mwanasayansi wa neva Patrick McGeer wa Vancouver, Kanada, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 1988 ushahidi wa mikroglia zilizoamshwa katika bongo za watu waliofariki wakiwa na Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili) au Alzheimer. Baadaye McGeer alibaini jambo lililovutia wengi: wagonjwa wa baridi yabisi, ambao hutumia dawa za kupunguza inflamesheni kwa miaka, walionekana kupata Alzheimer kwa nadra. Je, vidonge hivyo vingeweza kuukinga ubongo? Nchini Marekani jaribio lilianza mwaka 2001 kwa watu wa miaka 70 na zaidi ambao katika familia zao kulikuwa na mgonjwa, wengine wakipewa dawa za aina hiyo, naproxen au celecoxib, na wengine kidonge kisicho na dawa. Utoaji wa dawa ulisitishwa Desemba 2004 kwa wasiwasi kuhusu moyo, na ufuatiliaji haukuonyesha kinga yoyote.

Ninalisisitiza hili kwa sababu wazee wetu wengi humeza diklofenaki, dawa ya kundi hilo hilo, kwa ajili ya magoti, na sitaki mtu yeyote aongeze dozi akidhani anaokoa kumbukumbu. Dawa hizo zikitumiwa muda mrefu huweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Isitoshe, mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba mabadiliko fulani katika jeni ya TREM2, ambayo mikroglia huihitaji ili kusafisha ubongo, huongeza hatari ya Alzheimer. Mlinzi dhaifu naye ni hatari, kwa hiyo kuizima kabisa inflamesheni hakuwezi kuwa lengo.

Jirani zetu wa Wilaya ya Hai wameuchangia uelewa wa magonjwa haya ya ubongo kuliko wengi wanavyojua. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2008 uliwapata watu 33 wenye Parkinson, wengi wao wakiwa hawajawahi kutambuliwa na tabibu. Mwingine, wa mwaka 2013, ulikuta ugonjwa wa kusahau kwa takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 au zaidi. Wengi wa watu kama hao huambiwa kwamba ni uzee tu, au kwamba wamerogwa, na maneno hayo huchelewesha msaada.

Kinachoweza kufanyika sasa ni kudhibiti presha na kisukari tangu umri wa kati, kuacha sigara, na kumtafutia msaada mzee asiyesikia vizuri, kwa kuwa yote haya hubadilisha hatari ya ugonjwa. Mzee akianza kupotea njia ya shambani au kurudia swali lile lile, mleteni pamoja na anayeishi naye, mkiwa na dawa zake zote, hata za kienyeji. Tutapima pia damu kwa upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, kaswende na VVU, ambavyo huweza kufanana na ugonjwa huu na vina matibabu.