Sekondari Msingi za miji midogo: yanayosemwa na yalivyo

Tangu Gredi ya 7 ianze nchini Kenya mnamo Januari 2023, Sekondari Msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) za umma katika miji midogo zimekuwa zikipimwa kwa mambo mawili, idadi ya wanafunzi na matokeo, na yote mawili husomwa vibaya.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba shule yenye wanafunzi wachache imekimbiwa na wazazi. Ukweli ni kwamba Sekondari Msingi ya umma imo ndani ya uwanja wa shule ya msingi, na wengi wanaoingia Gredi ya 7 ni wale wale waliomaliza Gredi ya 6 katika madarasa ya jirani. Kwa kiasi kikubwa, basi, idadi yao iliamuliwa siku walipoandikishwa Gredi ya 1, na hutegemea familia zinazoishi karibu kuliko bidii ya walimu wa sasa.

Wengine husema kwamba matokeo yakishuka mwaka mmoja, shule imeporomoka. Tuchukue Gredi ya 9 yenye watahiniwa 20, ambapo kila mmoja ni asilimia 5 ya darasa: watatu wakiugua wakati wa mtihani, takwimu zaweza kusogea kwa asilimia 15 ingawa ufundishaji haujabadilika hata kidogo. Penye watahiniwa 200, watatu hao ni asilimia 1.5 tu. Kwa hiyo shule ndogo yafaa ipimwe kwa madarasa kadhaa yaliyofuatana. Tena alama za KJSEA, tathmini ya kitaifa ya kumaliza Sekondari Msingi, hazilinganishwi na za KCPE, mtihani wa zamani wa Darasa la Nane uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, kwa sababu mtihani wa Gredi ya 9 huchangia asilimia 60 pekee ya alama ya mwisho. Asilimia 20 hutoka KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, na 20 nyingine hutokana na tathmini za shuleni.

Wapo pia wanaoamini kwamba darasa dogo ni neema tupu, kwa kuwa mwalimu humjua kila mtoto. Kumjua anamjua, na hilo lina thamani kubwa. Hata hivyo, mgao wa serikali ni takriban Sh15,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ilhali masomo ni tisa kila mahali. Shule ya wanafunzi 60 hustahili Sh900,000. Ya wanafunzi 600 hustahili Sh9 milioni, na zote mbili zinahitaji vifaa vya sayansi. Ndipo unapomkuta mwalimu aliyesomea Hisabati na Fizikia akimaliza kipindi cha umeme na kuingia kufundisha Kilimo, kisha Kiswahili, katika chumba kilichokuwa cha Darasa la Nane na ambacho hakijawahi kuwa na meza ya maabara. Kuwaita wanafunzi wake wazembe ni kuwadhulumu. Naye mzazi anayemhamisha mwanawe kwa hofu ya matokeo huondoka na Sh15,000 za shule hiyo, ndiyo maana kila shule ingepaswa kupewa kiasi cha msingi cha fedha kabla wanafunzi hawajahesabiwa.