Samaki gani ni bora kiafya? Tazama ukubwa wake kwanza

Daktari amenishauri nile samaki kwa ajili ya moyo. Yeyote anafaa?

Samaki hawalingani. Kinacholinda moyo zaidi ni mafuta ya omega-3, na haya yamejaa kwa samaki wenye mafuta: samoni, vibua, dagaa wa baharini wa jamii ya sadini. Kata kipande cha samoni utaona mistari myeupe imepita katikati ya mnofu. Hayo ndiyo mafuta yenyewe. Gramu 100 za samoni wa kufugwa, akishapikwa, zina zaidi ya gramu 1.5 za omega-3. Perege wa uzito huohuo hafikishi hata gramu 0.3. Perege si mbaya, ana protini nzuri na zebaki (metali yenye sumu) kidogo, ila usimtegemee kwa omega-3.

Mimi ningeanza na dagaa. Unamtafuna mzima pamoja na miiba, kwa hiyo unapata na kalsiamu. Wakavu waliotiwa chumvi waloweke kwanza, hasa kama una presha.

Nile mara ngapi?

Mara mbili kwa wiki zinatosha.

Mbona wajawazito wanakatazwa papa?

Kwa sababu ya zebaki. Ikishaingia majini, bakteria huigeuza kuwa aina inayonasa mwilini na kutoka taratibu sana. Samaki mdogo anaipata kidogo, anayemla anajilimbikizia ya wote aliowameza, na anayemla huyo zaidi tena. Papa, nduaro, sulisuli na nguru wako juu kabisa ya mlolongo huo, na wanaishi miaka mingi. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956 ulitokana na kula samaki na kombe kutoka ghuba iliyomwagiwa maji taka ya kiwanda yenye zebaki, na watoto walizaliwa na ubongo ulioathirika.

Usijidanganye kwamba ukimchuna ngozi au kumchemsha sana itatoka. Zebaki imeshikamana na protini ya mnofu.

Lakini mjamzito asiache samaki! Hilo ndilo kosa ninalolisikia mara nyingi. Ubongo wa mtoto unahitaji omega-3, na ushauri unaotolewa Marekani ni gramu 225 hadi 340 kwa wiki za samaki wenye zebaki kidogo.

Na jodari wa kopo?

Anafaa, kwa kiasi. Mwenye nyama nyeupe, albakora, ana zebaki karibu mara tatu ya yule wa nyama ya hudhurungi hafifu, ambaye kwa kawaida ni wa aina ndogo.

Kumkaanga kunaharibu?

Akizama kwenye mafuta anayanyonya, na faida inapungua. Mchemshe, mchome au mpike mchuzi.

Nitajuaje kama hajaanza kuharibika?

Funua mashavu: yawe mekundu, yasiwe ya kahawia wala yenye utelezi mzito. Macho yawe maangavu na yaliyojaa. Bonyeza mnofu kwa kidole; alama ikibaki, mwache. Kwa vibua na jodari kuwa mkali zaidi, maana wakikaa kwenye joto bakteria hutengeneza histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, na moto wa jikoni hauiharibu. Mtu anakula chakula kilichoiva vizuri, kisha ndani ya saa moja uso unamwiva, mwili unamwasha na kichwa kinamgonga, naye anadhani ana mzio wa samaki.