Je, wajua kwa nini paleti ya mbao ina muhuri, na kwa nini mchwa hawaujali?

Ukipita Namanve au Industrial Area hapa Kampala utaziona zimepangwa nje ya mageti ya magodauni, zile paleti za mbao ambazo mzigo unapangwa juu yake alafu foklifti inaingiza meno chini na kunyanyua. Siku hizi watu wanazitafuta sana, wanatengeneza makochi ya barazani, vitanda, rafu za viatu, mabanda ya kuku, vitalu vya mboga. Na mimi nimo, nimeshatengeneza benchi mbili na bustani ya kusimama, na ninachoona kinanisikitisha ni kwamba watu wengi wanapiga randa ule muhuri wa pembeni unafutika kabla hawajausoma, wakati ndio unaokwambia mbao hio imepitia nini.

Utafute kwenye vile vigogo vifupi vinene au kwenye mbao ya ubavuni. Kuna mchoro wa suke la ngano na herufi IPPC, pembeni yake herufi mbili za nchi, yaani UG ni Uganda, KE Kenya, IN India, CN China, zikifuatwa na namba ya kiwanda, alafu herufi mbili zingine. Hizo za mwisho ndio habari yenyewe. HT maana yake mbao imepashwa moto. MB maana yake imepigwa gesi ya methili bromaidi.

Sasa kwa nini mtu apashe moto mbao ya kubebea tu mizigo? Mwaka 1996 huko Brooklyn, New York, waligundua miti ya mitaani inatobolewa na mbawakawa kutoka Asia, wale wenye vipapasio virefu, na wakaja kuelewa kwamba mdudu huyo alisafiri ndani ya mbao za kufungia mizigo kutoka China. Buu lake linakaa ndani kabisa ya mbao, kwa nje huoni kitu, mzigo unavuka bahari, anatoka mdudu mzima na huko alikofika hana adui. Miti mingi ikabidi ikatwe. Mwaka 1999 Ureno nao wakakuta kijinyoo kidogo sana kinachoua misonobari. Basi mwaka 2002 nchi zikakubaliana sheria moja inayoitwa ISPM 15, kwamba mbao nene ya kufungia mzigo ikivuka mpaka iwe imetolewa maganda na imetibiwa, na kama ni kwa moto basi joto lifike nyuzi 56 kwenye kiini cha mbao na likae hapo dakika 30 bila kukatika. Kiini, sio juu. Ni kama muchomo, yaani nyama choma, nje inaweza kuwa imeiva vizuri na ndani bado mbichi, na huyo buu yuko ndani.

Ile gesi ya MB ni sumu, alafu inaharibu tabaka la ozoni kule juu, Umoja wa Ulaya waliacha kuitumia mwaka 2010. Mimi paleti ya MB siiingizi nyumbani, sitengenezi kitanda cha mtoto nayo, sipandi mboga ndani yake na sipikii kuni zake. Ambayo haina muhuri sio lazima iwe mbaya, inawezekana haijawahi kuvuka mpaka na sheria hio haiihusu, ila hujui historia yake, kwa hio hio fanyia kazi za nje. Na hata HT uikague, moto hauzuii mtu kumwagia dawa ya shamba juu yake baadae, ukiona madoa ya mafuta au inanuka dawa iache hapo hapo. Zile za bluu pia uziache, mara nyingi ni za kampuni ya CHEP, zinakodishwa, haziuzwi.

Haya sasa mchwa. Watu wengi wanafikiri mbao "imetibiwa" basi mchwa hawaigusi, na mimi niliamini hivyo hivyo. Benchi yangu ya kwanza niliisimamisha moja kwa moja kwenye udongo, mvua za Machi zikaja, na kufika Juni miguu miwili imekuwa maganda matupu, ukiibonyeza kidole kinaingia na ndani kumejaa udongo mwekundu. Kumbe moto unaua waliomo siku ile tu, hauachi dawa yoyote ndani ya mbao, na paleti nyingi ni msonobari, mbao laini ambayo mchwa wanaipenda. Benchi ya pili iko juu ya matofali na kila wiki naangalia kama kuna vinjia vya udongo vinapanda. Oili chafu ya gari inasaidia kwenye miguu, ila usiipake kabisa panapoota chakula.

Kitu kingine, kuibomoa. Nilivuta misumari kwa nyundo mbao tatu zikapasuka, nikamuuliza fundi mmoja wa Ndeeba akanambia, "Usivute ssebo, kata." Ukiutoa mmoja ukauangalia utaona umesokotwa kama kamba, umetengenezwa ung'ang'anie ili paleti isiachie njiani na mzigo juu. Kwa hio unapenyeza wembe wa msumeno wa chuma kati ya mbao na kigogo unakata msumari, kichwa kinabaki ndani ya mbao, na kwa kweli kinapendeza.

Kwa bustani ya kusimama sibomoi hata. Nachukua ya HT, nafunga gunia mgongoni na chini kwa misumari midogo, naijaza udongo uliochanganywa na samadi ikiwa imelala chali, napanda kwenye zile nafasi za kati ya mbao, alafu, na hapa ndio wengi wanakosea, naiacha imelala hivyo wiki mbili tatu mpaka mizizi ishike, maana ukiisimamisha siku ile ile udongo wote unamwagika miguuni pako. Ikishasimama maji yanateremka, juu panakauka haraka na chini panabaki na unyevu, kwa hio namwagilia kuanzia juu. Yangu imeegemea ukuta wa jikoni, vitunguu majani viko juu, dodo, yaani mchicha, katikati, na nakati, mboga nyingine ya majani, chini.