Zuio la muda: dalali anaposhikilia fedha za mteja wake

Mwenye akaunti ya uwekezaji akisema hisa ziuzwe na fedha zitumwe mahali fulani, kazi ya dalali ni kutekeleza. Tapeli anaijua kanuni hiyo vizuri. Hahitaji kuvunja kufuli lolote; anamfanya mzee mwenyewe atoe agizo, na alitoe haraka. Leo ni simu ya anayejiita ofisa wa benki, kesho ni mchumba wa mtandaoni ambaye hajawahi kuonekana kwa macho.

Nchini Marekani, dawa iliyobuniwa ni kununua muda. FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa hisa huko, ilianza kutumia Kanuni 2165 mwezi Februari 2018. Inamhusu mteja wa miaka 65 na kuendelea, na pia mtu mzima yeyote ambaye maradhi au ulemavu wa mwili au akili unamzuia kulinda maslahi yake. Dalali akiwa na sababu za kuamini kwamba mtu huyo anaporwa, anaweza kushikilia malipo kwa siku 15 za kazi. Uchunguzi wake ukiipa nguvu shaka hiyo, anaongeza siku 10. Tangu 2022 anaweza kuongeza 30 nyingine, mradi amekwisha kuripoti kwa mamlaka ya jimbo au mahakama. Mwaka huohuo zuio lilipanuliwa liguse hata agizo la kuuza hisa, kwani kulikuwa na faida gani kuzuia fedha zisitoke wakati akiba ya miaka imeshauzwa?

Wengi hudhani akaunti nzima hufungwa. Sivyo. Kinachoshikiliwa ni malipo au mauzo yale yanayotiliwa shaka tu; gharama za matunzo ya mzee zinaendelea kulipwa kama kawaida. Tena kanuni hii inaruhusu, hailazimishi. Wajibu wa kuripoti unatoka kwenye sheria za baadhi ya majimbo.

Pamoja na zuio kuna mtu wa kuaminiwa. Kampuni inapaswa kujitahidi kumwomba mteja jina la mtu mzima wa kupigiwa simu mambo yakienda kombo. Mteja akikataa kumtaja, akaunti bado inafunguliwa. Mtu huyo hapewi mamlaka yoyote juu ya fedha: hauzi, hatoi, hasaini. Asichanganywe na mwenye hati ya uwakili, ambaye anaweza kufanya hayo yote, na ndiyo maana hati hiyo ikiangukia mikono mibaya huwa balaa. Zuio likiwekwa, mtu wa kuaminiwa na wote wenye mamlaka ya kufanya miamala kwenye akaunti hujulishwa ndani ya siku 2 za kazi, isipokuwa yule anayeshukiwa. Waliotunga kanuni walielewa kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Pagumu ni pale mteja mwenyewe anaposema, “Fedha ni zangu, na ninayempa namjua.” Mtu mwenye akili timamu ana haki ya kugawa mali yake hata kwa namna inayowaudhi wanawe, na kufikisha miaka 65 peke yake si dalili ya kitu. Dalali hana madaraka ya kuamua nani apewe. Siku zake zikiisha, na mahakama au mamlaka ya jimbo haijatoa amri, zuio linakoma na agizo la mteja linarudi mezani.