Kaboni ya katani na pamba: yanayoaminiwa Arusha na Moshi, na ukweli wake

"Chujio la kaboni ya katani litaondoa floraidi."
Tunaanza na hili kwa sababu linagusa meno na mifupa ya watoto wa Arumeru. Kaboni amilifu, yaani kaboni yenye vitundu vingi vidogo, inayotengenezwa kwa kuchoma katani au pamba bila hewa, hunasa klorini, harufu, rangi na mabaki ya viuatilifu. Floraidi huipita. Mkaa wa mifupa, ambao umefanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha kuondoa floraidi cha Ngurdoto, huinasa kwa sababu una fosfati ya kalsiamu, wala si kwa sababu ni mweusi. Maji yanayozidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita yanahitaji mkaa huo.

"Singa (nyuzi) za katani zikishakuwa nyeusi, kazi imekwisha."
Bado. Weusi huja mapema, lakini wakati huo vitundu ni vichache na vingi vimezibwa na lami. Kuvifungua kunahitaji mvuke wa maji au kaboni dayoksaidi kwenye sentigredi 800 hadi 900. Gesi hiyo hula sehemu ya kaboni yenyewe na kuacha vishimo visivyoonekana kwa macho. Ikipikwa vizuri, gramu moja hufikia eneo la ndani la mita za mraba 1,000.

"Moto mkali huokoa muda."
Huokoa muda na kupoteza mali. Selulosi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya katani na pamba, ina kaboni asilimia 44 ya uzito wake, lakini ikichomwa haraka sehemu kubwa hutoka kama moshi na lami, na mara nyingi hubaki chini ya asilimia 20. Kati ya sentigredi 200 na 400, panda digrii 1 hadi 2 kwa dakika, ili maji yatoke kabla mnyororo wa selulosi haujakatika.

Fosfati husaidia zaidi kubakiza kaboni. Loweka singa safi usiku kucha kwenye maji yenye mbolea ya DAP (fosfati ya amonia), gramu 50 kwa lita, kisha zikaushe kabisa. DAP ya duka la pembejeo ina takataka: iache itulie, uichuje kwa kitambaa, la sivyo utapata majivu ndani ya vitundu.

"Mtumba wowote unafaa."
Pamba tupu tu. Choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuganda kidonge kigumu.

"Moto ukizimwa, fungua tanuru."
Kaboni yenye joto ikikutana na hewa huwaka upya, ukabaki na majivu. Subiri ishuke chini ya sentigredi 100. Tanuru likae nje: mvuke ukikutana na kaboni hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua.