Sakafu moja kwa wiki? Dhana potofu kuhusu muda wa majengo ya biashara Nairobi

Ukipita Upper Hill au Westlands hukosi kuona jengo ambalo mifupa yake ilipanda mbio, kisha likakaa muda mrefu limefunikwa wavu wa kijani na bango la "ofisi za kupangisha". Wapita njia husema pesa zimeisha. Huenda. Lakini mara nyingi ratiba ilihesabu slabu (sakafu za zege) peke yake, ikasahau kinachotangulia slabu ya kwanza na kinachofuata ile ya mwisho. Hapa tutatumia mfano mmoja: jengo la ofisi la ghorofa nane na besimenti moja, slabu tisa kwa jumla, kila moja mita za mraba 500.

Dhana: "Kaunti ikigonga muhuri, kesho tunachimba"

Hakuna muhuri mmoja. Kwanza hati ya kiwanja isome sawasawa kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni wa serikali, na kodi ya ardhi ya kaunti iwe imelipwa yote. Kama kiwanja kiliandikishwa kuwa cha makazi, jambo la kawaida Kilimani na Lavington, kubadilisha matumizi ni ombi la pekee: tangazo gazetini, kibao langoni, na majirani wana haki ya kupinga. Ndipo michoro ya msanifu na ya mhandisi wa miundo iingizwe katika mfumo wa kaunti. NEMA, mamlaka ya mazingira, inataka ripoti ya athari kwa mazingira. NCA, mamlaka ya ujenzi, inasajili mradi na kuangalia kama daraja la usajili la mkandarasi linatosha kazi hiyo. Jengo refu linalokaribia uwanja wa ndege wa Wilson au kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh linahitaji pia kibali cha urefu kutoka mamlaka ya usafiri wa anga. Ukitaka kisima, kuna Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Kinachopoteza muda ni kuyapanga haya yote kwenye foleni moja. Ripoti ya mazingira, uchunguzi wa udongo na upimaji wa mipaka vinaweza kwenda pamoja huku msanifu akiendelea kuchora. Vingine havirukwi: mhandisi hawezi kumaliza msingi bila matokeo ya udongo, na usajili wa NCA husubiri michoro iliyoidhinishwa. Tungeweka miezi sita, na tisa kama kuna kubadilisha matumizi. Maombi hurudishwa kwa mambo madogo ya kuudhi: jina la kwenye hati halilingani na la kwenye PIN ya kodi, maegesho yamepungua kwa magari mawili, ukurasa mmoja haukutiwa sahihi.

Dhana: "Msingi ni mwezi mmoja tu"

Inategemea uko upande gani wa mji. Embakasi, South C na kuelekea Syokimau kuna udongo mweusi wa pamba, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huo haujengewi juu. Unaondolewa wote hadi ufikie changarawe au mwamba, na shimo kujazwa upya kwa udongo unaofaa, tabaka kwa tabaka, kila tabaka likishindiliwa na kupimwa. Westlands na Kilimani juu ni udongo mwekundu unaochimbika vizuri, lakini chini yake kuna mwamba. Besimenti ikigonga mwamba, kasi inashuka kutoka malori kadhaa kwa siku hadi kazi ya nyundo ya mashine, na kulipua baruti katikati ya majengo ya watu si jambo la kutegemea.

Mashimo ya uchunguzi huchukua wiki mbili hadi nne pamoja na maabara. Kuyaruka ili kuokoa wiki hizo ni kamari mbaya kuliko zote katika mradi mzima. Na usianze kuchimba udongo mweusi mwezi wa Machi: mvua za masika hugeuza shimo kuwa bwawa, na lori likizama, pampu na koleo ndizo zinazobaki kufanya kazi.

Dhana: "Mkandarasi mzuri hupiga slabu kila wiki"

Tuhesabu siku za slabu moja. Siku mbili za kupima na kufunga vyuma vya nguzo. Mbili za mbao za nguzo na kumwaga. Tano au sita za kusimamisha propsi (nguzo za muda zinazoshikilia mbao) na kupanga mbao za mihimili na slabu. Nne za vyuma, huku fundi wa stima akilaza mabomba yake na fundi wa maji akiacha matundu. Moja ya ukaguzi, na mhandisi akikuta vyuma vimegusa mbao bila vipande vya kuviinua, ni mbili. Moja ya kumwaga. Siku moja au mbili kabla ya kukanyaga na kuanza kupima nguzo za juu. Hiyo ni karibu siku 18 za kazi. Slabu tisa ni siku 162, ambazo kwa siku sita za juma ni wiki 27. Aliyeahidi wiki tisa ana pengo la miezi minne.

Sasa hesabu propsi, kwa maana hapa ndipo ahadi nyingi hufia. Zikisimama kila mita 1.2 pande zote mbili, slabu ya mita 500 inataka takriban 350. Zege hufikia karibu theluthi mbili ya nguvu yake kwa siku saba, na nguvu ya muundo hupimwa siku ya 28. Kwa hiyo slabu iliyomwagwa wiki iliyopita haiwezi kujibeba na kubeba pia zege bichi la juu yake. Unahitaji propsi za ghorofa mbili angalau, yaani 700. Mkandarasi mwenye 350 atafanya moja kati ya mawili: atasubiri, au atazing'oa mapema. La pili ndilo linaloleta nyufa, na wakati mwingine linaloua watu. Kabla ya kusaini ratiba, nenda uhesabu propsi kwenye yadi yake.

Siku ya kumwaga nayo ina hesabu yake. Slabu ya unene wa sentimita 20 ni meta za ujazo 100, bila mihimili. Lori moja hubeba saba hivi, basi ni safari 15. Zege linapaswa kumwagwa ndani ya saa mbili hivi tangu lichanganywe, na kiwanda kiko Mombasa Road au Eneo la Viwanda. Ijumaa jioni ya mwisho wa mwezi, ikinyesha, saa mbili zinaweza kuishia barabarani. Lori likichelewa katikati ya kazi, zege la awali linaanza kushika na kiungo kinabaki dhaifu. Ndiyo maana kazi huanza alfajiri. Usiku pia inawezekana, ila kelele za usiku zina masharti yake.

Je, siku 18 zinaweza kupungua? Ndiyo, hadi 12 hivi, ukigawa sakafu nusu mbili ili kikosi cha mbao na cha vyuma visisubiriane, na ukilipia propsi na mbao za ziada. Hilo ni jambo la bei na liandikwe kwenye mkataba, lisibaki ahadi ya fomani.

Dhana: "Tukichelewa tutaongeza vibarua"

Sakafu ya mita 500 ina nafasi ya watu wachache tu wanaofunga vyuma kwa wakati mmoja. Ukiongeza mara mbili, nusu watakaa wakisubiri winchi. Na hakuna kibarua anayeharakisha zege kukomaa.

Dhana: "Mifupa imefika juu, tumebakisha rangi"

Kwa hesabu ya muda, mara nyingi uko nusu ya njia. Kuta za mawe ya Ndarugo, mabomba, nyaya, plasta, vioo, dari, vigae, mfumo wa moto: vyote vinagombania korido moja.

Chukua sakafu yenyewe. Tabaka la kusawazisha, ambalo mafundi huliita skridi, hukauka kwa kiasi cha milimita moja kwa siku. La milimita 50 linataka karibu siku 50 kabla ya kubandikwa zulia la plastiki au mbao. Akiharakishwa mtu, baada ya miezi michache pembe zinanyanyuka na kazi inarudiwa mpangaji akiwa ndani.

Lifti ndiyo inayotusumbua zaidi. Haiagizwi jengo likiisha. Kiwanda kinataka vipimo vya mwisho vya shimo, malipo ya kwanza na michoro iliyokubaliwa ndipo kianze. Ongeza ukaguzi wa KEBS, shirika la viwango, kabla ya kupakiwa melini, bahari, bandari ya Mombasa, reli hadi Embakasi, na ushuru. Weka miezi minne hadi sita kabla kontena halijafika kiwanjani, kisha wiki sita za kufunga. Na haiwezi kujaribiwa ipasavyo bila stima ya kudumu ya fezi tatu, maana yake transfoma ya jengo iwe imeshawekwa. Ombi la Kenya Power lipelekwe wakati msingi unachimbwa. Mara nyingi hupelekwa slabu ya mwisho ikimwagwa, na lifti mpya inakaa ndani ya maboksi.

Dhana: "Asilimia kumi juu, yatosha kwa dharura"

Asilimia kumi ya nini? Siku za akiba ziwekwe mahali hatari ilipo: wiki nne kwa uchimbaji, mbili kwa bandari, na siku za mvua za Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba kwa kazi za nje. Mjengo hufungwa katikati ya Desemba na mafundi hurejea baada ya wiki ya kwanza ya Januari, wengine wakichelewa. Hiyo iandikwe kwenye ratiba kama kazi zingine. Halafu kuna malipo: cheti cha malipo cha mkadiriaji gharama kikikaa mezani benki wiki tano, mkandarasi hapunguzi kasi kwa chuki, hana pesa ya kununua vyuma.

Dhana: "Tukimaliza Juni, wapangaji waingie Julai"

Mkandarasi akikabidhi, bado kuna orodha ya marekebisho, majaribio ya mfumo wa moto na kibali cha kukaliwa kutoka kaunti. Benki au kliniki inayopangisha itataka miezi miwili au mitatu ya kuweka kuta zake za ndani, nyaya za kompyuta na viyoyozi. Kwa jengo la mfano wetu, tangu kuagiza michoro hadi mpangaji wa kwanza kufungua mlango, tungepanga miezi 26 hadi 30. Kwenye mkataba wa upangaji usiandike tarehe ya kalenda. Andika idadi ya siku tangu kibali cha kukaliwa kitolewe.