Maji ya kileleni: jinsi mfereji wa Rhine–Main–Danube unavyovusha meli juu ya kigongo cha Bavaria

Mtu akisikia habari za mfereji unaounganisha mito miwili, kwanza hufikiria uchimbaji: udongo, miamba, mashine na maelfu ya vibarua. Mimi ni mhandisi wa maji, na swali langu la kwanza huwa jingine: maji ya sehemu ya juu kabisa ya mfereji huo yanatoka wapi? Mfereji wa Suez haukusumbuliwa na swali hilo, kwa kuwa bahari mbili unazoziunganisha ziko karibu usawa mmoja na maji huingia yenyewe. Mito miwili ina habari nyingine. Kati yake, mara nyingi, kuna kigongo cha ardhi kinachogawa maji, na kila meli inayovuka kigongo hicho huteremsha sehemu ya maji ya kileleni upande inakopandia, kisha sehemu nyingine upande inakoshukia. Kileleni ndiko maji yalikoadimika kuliko kwingineko, na ndiko yanakohitajika zaidi.

Sijui mahali panapoonyesha jambo hili vizuri kuliko jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Huko mto Main, unaomwaga maji yake katika Rhine na hatimaye Bahari ya Kaskazini, unakaribiana na Danube, unaokwenda mashariki hadi Bahari Nyeusi. Watu walijaribu kuiunganisha mito hiyo mara tatu katika muda wa karibu miaka 1200.

Wa kwanza alikuwa Charlemagne, mfalme wa Wafranki. Mwaka 793, akiwa katika vita na Waavari upande wa mashariki, aliagiza uchimbwe mtaro kati ya mto Altmühl, unaoingia Danube, na kijito cha Rezat, ambacho maji yake hufika Main. Kumbukumbu za ufalme wake zinaeleza kwamba mvua zilinyesha mfululizo, ardhi ikawa tope, na kile kilichochimbwa mchana kiliporomoka usiku. Mabaki ya mtaro huo yanaonekana hadi leo karibu na kijiji cha Graben, na waakiolojia waliochimba hapo walikuta mbao za mialoni zilizokatwa mwaka huohuo wa 793. Walipochagua mahali hawakubahatisha: umbali kati ya mikondo hiyo miwili ni mfupi sana hapo, na kigongo chenyewe ni cha chini.

Jaribio la pili ninaliheshimu zaidi, hata kama lilishindwa kibiashara. Mfalme Ludwig I wa Bavaria alimkabidhi mhandisi Heinrich von Pechmann kazi ya kuchora mfereji kutoka Bamberg, karibu na Main, hadi Kelheim, kwenye Danube. Ujenzi ulianza 1836, na mfereji wote ukafunguliwa 1846 ukiwa na urefu wa kilomita zipatazo 172 na loki 100, yaani vyumba vya maji vyenye malango pande mbili ambamo meli hupandishwa au kushushwa kwa kujaza na kupunguza maji. Farasi walivuta mashua kwa kamba wakitembea ukingoni. Pechmann alilisha kilele kwa vijito vya jirani alivyovielekeza kwa mifereji midogo, na kwa zama zile hiyo ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa. Hata hivyo maji ya vijito hupungua kiangazi, na loki zake nyembamba hazikuweza kupokea vyombo vikubwa. Zaidi ya hayo, reli ya kwanza ya Ujerumani, kati ya Nuremberg na Fürth, ilikuwa imeanza kazi Desemba 1835, miezi michache kabla ya mfereji kuanza kuchimbwa. Reli zilipoenea, mizigo ilihamia huko. Mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliharibu sehemu ya mfereji, na mwaka 1950 ukaachwa rasmi.

Mfereji wa sasa ulishughulikiwa na kampuni iliyoundwa mwaka 1921. Iliutayarisha kwanza mto Main kwa meli kubwa, ikafika Bamberg 1962 na Nuremberg 1972, na tarehe 25 Septemba 1992 njia nzima ikafunguliwa. Kutoka Bamberg hadi Kelheim ni kilomita 171 zenye loki 16. Upande wa kaskazini loki 11 huipandisha meli mita 175. Upande wa kusini loki tano huishusha mita 68 hivi. Kilele kiko kati ya Hilpoltstein na Bachhausen, mita 406 juu ya usawa wa bahari.

Tuitazame loki ya Hilpoltstein kwa karibu, kwa sababu hapo hesabu yote ya maji inaonekana. Chumba chake cha zege kina urefu wa mita 190, upana wa mita 12, na tofauti ya kina cha maji kati ya juu na chini ni mita 24.67. Tishali likiingia kutoka chini, nahodha anajikuta kati ya kuta mbili zenye kimo cha jengo la ghorofa nane, na kamba zake hufungwa kwenye vishikizo vinavyoelea ndani ya ukuta na kupanda pamoja na maji. Ukizidisha vipimo hivyo utaona kwamba kukijaza chumba mara moja kunahitaji takriban mita za ujazo 56,000. Kama maji yote hayo yangetoka kileleni kila mara, kilele kingekauka.

Ndiyo maana kando ya chumba kuna mabwawa matatu ya kuhifadhia, yaliyopangwa kwa ngazi, kila moja juu ya jingine. Chukulia kwamba maji ya chumba yamegawanywa katika tabaka tano zilizo sawa. Chumba kinapoanza kushuka, tabaka la juu kabisa hufunguliwa liende katika bwawa la juu, la pili katika bwawa la kati, la tatu katika bwawa la chini. Tabaka mbili zilizobaki humwagwa upande wa chini wa mfereji. Meli inayofuata ikitaka kupanda, mpango unageuzwa: bwawa la chini hujaza tabaka la kwanza, la kati hujaza la pili, la juu la tatu, na tabaka mbili za mwisho tu ndizo zinazotolewa kileleni. Kwa njia hiyo asilimia 60 ya maji hutumika tena, na katika hatua zote hizo hakuna pampu inayofanya kazi, kwa sababu kila mara maji hutoka palipo juu kwenda palipo chini. Loki 13 kati ya 16 zimejengwa kwa namna hii.

Asilimia 40 inayopotea lazima irudishwe, na hapa ndipo wahandisi wa karne ya ishirini walipofanya jambo ambalo Pechmann hakuwa na nyenzo za kulifanya. Hawakutegemea vijito vya kileleni. Waliweka pampu kwenye loki tano za kusini, zinazochota maji ya Danube na Altmühl na kuyapandisha hatua kwa hatua mpaka juu. Tena waliyapandisha kwa wingi unaozidi mahitaji ya meli. Kaskazini mwa Bavaria, kwenye viwanda na watu wengi wa eneo la Nuremberg, ni kukavu kuliko kusini, na bunge la jimbo lilikuwa limeamua mwaka 1970 kwamba maji ya Danube yahamishiwe huko. Sehemu ya maji yanayopandishwa huhifadhiwa katika bwawa la Rothsee karibu na kilele, kisha huachiliwa polepole kuelekea Main wakati wa ukame. Kwa wastani mfereji huhamisha mita za ujazo milioni 125 kwa mwaka. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida yake kubwa, na ingestahili kutajwa kabla ya mizigo.

Wapinzani walikuwa wengi, na walikuwa na hoja. Volker Hauff, aliyekuwa waziri wa uchukuzi wa Ujerumani Magharibi, aliulinganisha mradi huu na upumbavu wa Mnara wa Babeli. Bonde la Altmühl, lenye malisho na kingo za kupendeza, lilibadilishwa kwa namna isiyoweza kurudishwa. Tarehe 26 Machi 1979 tuta lilipasuka huko Katzwang, Nuremberg, wakati kipande cha mfereji kikijazwa maji. Nyumba zilifagiwa na msichana mmoja akafariki. Kila anayejenga tuta juu ya makazi ya watu anapaswa kulifahamu tukio hilo.

Athari nyingine haikuonekana kwa macho ya wajenzi. Kigongo kilikuwa kimevitenganisha viumbe vya mabonde mawili kwa muda mrefu sana. Miaka michache baada ya 1992, kamba wadogo wakali wa eneo la Bahari Nyeusi, wanaoitwa kitaalamu Dikerogammarus villosus, walionekana katika Main na Rhine, wakawala na kuwasukuma nje jamaa zao wenyeji. Loki haziwezi kuwazuia, kwani husafiri wakiwa wameng'ang'ania sehemu ya chini ya meli.

Leo njia kutoka Rotterdam hadi Bahari Nyeusi ina urefu wa kilomita 3,500 hivi, na kikwazo chake hakiko tena kileleni. Mfereji una kina cha mita nne, na maji yake huongozwa kwa pampu na vali. Kati ya Straubing na Vilshofen, lakini, Danube hutiririka bila mabwawa kwa karibu kilomita 70, na kiangazi kina chake hupungua sana. Kwa tishali lenye urefu wa mita 110, kila sentimita 10 za kina zinazokosekana humaanisha mzigo pungufu kwa zaidi ya tani 100. Nahodha anayepakia Rotterdam kwa safari ya Budapest hukata shauri juu ya uzito wa mzigo wake kwa kusoma vipimo vya Danube katika kipande hicho, na mfereji wenyewe wala haumhangaishi.